Masikio ya Mke wa Sonara

Mama Élisabeth aliigeuza ile hereni kiganjani mara ya tatu, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigonga kwa ukucha. Binti yake Séraphine, aliyekuwa anaolewa mwisho wa mwezi, alikuwa ameipenda tangu walipoingia, akasimama mdomo wazi kama mtoto mbele ya mandazi. Walikuwa wametoka Masisi kwa camion, wamefikia kwa ndugu zao huko Katoyi, na kazi iliyowaleta Goma ilikuwa moja tu: vitu vya arusi.

"Iko muzuri," alisema Mama Élisabeth. "Zamani tulikuwa tunaonaka zile za Ulaya ku magasin ya pale avenue. Sasa serikali ilinyanganya Muzungu ile magasin, ikamupa mwenyeji, na mu vitrine, pale ku kioo, ni vumbi tu."

"Ndiyo maana Mungu amewaleta huku, mama," alisema Nshobole, mke wa sonara, akimsogezea kiti. "Bwana yangu anafanyaka kazi ya kudumu."

Mama Élisabeth aliinua macho ili amjibu, na macho yake yakatua kwenye masikio ya Nshobole. Masikio hayo yalikuwa yametobolewa tangu utoto, na katika kila tundu, ili lisizibe, palikuwa na kipande cha kijiti cha ufagio. Yule mama alitazama kijiti cha kulia, akatazama cha kushoto, kisha akairudisha hereni mezani taratibu na kujifuta vidole kwenye kikwembe chake.

"Tutarudia," akasema. "Siye tuko hapa mpaka siku ya kwanza, ile inafuata Jumapili."

Mfanyabiashara yeyote wa Goma anajua kwamba mteja akisema atarudi, hapo amekwisha kuaga. Séraphine aligeuka mara mbili kuitazama hereni, mama yake akamvuta mkono.

Mushagalusa hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameinamia pete ya shaba, anaisugua kwa jivu na ndimu kwa upendo ambao wanaume wengine huuweka kwenye chupa ya bia. "Wacha baende," alisema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Aliipenda methali hiyo kuliko sala ya jioni. Aliyeitunga lazima alikuwa na unga nyumbani. Tangu Mushagalusa ahame kutoka upande wa Bukavu na kuweka fuawe na nyundo zake hapa Goma, mtaa wa Mabanga, chema chake kilikuwa kimekaa mezani kinajingojea. Karakana yenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya parcelle, kiwanja chao, baada ya kamba ya nguo, baada ya choo, na mteja alipaswa kuinama chini ya mashuka yanayodondoka maji ili aifikie. Wachache walioinama walisifu, waligusa, halafu walisema watarudi.

*

Saa tisa Louise, binti yao wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka nyumbani kwa baba yake mkubwa akiwa na unga wa muhogo ndani ya mfuko. Aliuweka mfuko chini bila kusema neno.

"Mama Annonciata amekusalimia?" Nshobole aliuliza.

"Amepima na kikombe," alisema Louise. "Halafu akapitisha kidole juu ili isijae. Akauliza kama papa angali anachezea shaba."

Nshobole aliupokea mfuko akaushika mikononi. Si unga uliomuuma. Mke wa shemeji yake angeweza kumpa nusu kikombe na moyo mweupe, naye angeimba huku akiusonga. Ni kile kidole.

Hawajala huo unga, Constant mwenyewe akafika. Alikuwa mkubwa wa Mushagalusa, karani katika ofisi moja ya mjini, na tangu majina ya kizungu yapigwe marufuku, karatasi za ofisi zilimwita kwa jina la babu yao. Nyumbani alibaki Constant, maana mama yao alikataa katakata kujifunza jina jipya la mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mkononi alibeba abacost ya kijivu iliyopigwa pasi, koti la ofisini lisilovaliwa tai, ameitundika kwenye kidole ili isikunjike.

"Mudogo yangu," alisema bila kukaa, "nimekutafutia kazi. Planton. Utabeba barua kutoka bureau moja mpaka bureau ingine, utafungulia wakubwa mulango. Mwisho wa mwezi unapata mushahara. Na hii ni nguo yangu, utaanza nayo."

"Yaya," Mushagalusa alimwambia kaka yake, "miye niko na kazi."

"Kazi?" Constant alitazama meza: pete, bangili, hereni, zote zinang'aa kama mchana wa kiangazi. "Hii ni kazi ama ni musée? Batu banaingia, banaangalia, banatoka. Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, ninapita hapa kukubeba. Kama hautaki, patron atatia mutu mwingine, na watu wa kutaka iko mingi. Na hiki kibanda, mutu wa kuuzisha pombe ya kasiksi anakitaka. Alishaniuliza."

Constant alisema hayo mbele ya Louise na mbele ya jirani aliyekuwa anaanua nguo. Hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu kuwa na mdogo anayelishwa na yeye, na aibu ya mtu wa namna hiyo hutoka kwa sauti kubwa. Mushagalusa aliipokea abacost kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, akaitundika kwenye msumari juu ya fuawe yake. Ilining'inia hapo, mikono imeshuka, na karakana nzima ikawa kama ina mgeni asiyetaka kuondoka.

"Aksanti, yaya," alisema.

Nshobole alimfahamu mume wake. "Aksanti" ile ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushindwa.

*

Kesho yake, Ijumaa, Nshobole alikwenda sokoni kununua sombe, majani ya muhogo, akaishia kukaa kwenye kigoda cha Kahambu na kulia. Kahambu alikuwa Mnande, mwenye mabega ya kubeba dunia, na kabichi zake zilishuka kutoka Kibumba alfajiri juu ya chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyokula mafuta. Kufika saa nne kabichi nyingi zilikuwa zimekwisha, wakati majirani zake walikuwa bado wananyunyizia zao maji na kuomba Mungu.

"Lia, lia tu, mama," alisema Kahambu, huku anakata kabichi moja katikati kwa kisu kikubwa. "Lakini sogea kidogo, unaziba wateja."

Aliiweka kabichi iliyokatwa mbele, nyeupe, imekunjamana vizuri, kila mpita njia aone tumbo lake. Kisha akachukua karoti, akaifuta kwenye nguo, akaing'ata kraa! mbele ya mwanamke aliyekuwa anasitasita. Yule mwanamke akanunua fungu zima.

"Umeona?" Kahambu alisema, shavu limejaa. "Miye ninakulaka kabichi yangu mbele ya batu. Sasa weye, Mama Louise, nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza."

"Ile ufagio mu masikio yako inafanya nini?"

Nshobole aliyashika masikio yake kwa mshangao, kisha akainua kidevu. Hapo palikuwa na fahari yake, na aliieleza kama mtu anavyoeleza ukoo wake. Kwao, alisema, watu humletea sonara dhahabu yao, fedha yao, sarafu za bibi zao, awatengenezee. Yeye hubaki nayo peke yake na moto, na nani atajua kilichobaki ndani ya chungu? Basi mke wa sonara havai kitu. Masikio yake matupu ndiyo yanayosema kwamba bwana wake hakwangui mali ya watu. Mzee aliyemfundisha Mushagalusa alikuwa na mke asiyevaa hata shanga, na watu walitembea siku mbili kumletea dhahabu. Sonara mwingine wa huko alimvisha mke wake kipete kidogo tu, na kabla mvua haijanyesha walikuwa wamemzimia moto na kumfukuza.

"Miaka yote hiyo ya ndoa sikuvalaka hata moja," alimaliza. "Hiyo ndiyo heshima ya bwana yangu."

Kahambu alimsikiliza mpaka mwisho, karoti imesimama hewani. Halafu akacheka. Alicheka hadi akashika meza, na kabichi mbili zikabingirika barabarani.

"Mama Louise! Eh, Mama Louise! Hiyo heshima ilibakia kule Bukavu, haikupanda mashua! Hapa mu Mabanga nani anaijua? Munande haijui. Mutu wa Masisi haijui. Unajua wanasemaka nini hapa? Wanasema shaba ya Papa Louise inaozesha masikio. Wanasema: angalia, hata bibi yake mwenyewe anaikimbia, afazali ufagio!"

Nshobole aliacha kulia. Aliona macho ya Mama Élisabeth yakienda kulia, yakienda kushoto, na vidole vyake vikijifuta kwenye kikwembe. Aliwaona wengine wote waliosema watarudi.

"Miye nilifikiri wanaangalia heshima," alisema polepole.

"Walikuwa wanatafuta usaha," alisema Kahambu.

Na Mungu anisamehe, wanawake wawili hao walicheka hadi muuza chumvi wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

*

Mushagalusa hakucheka. Nshobole alipomweleza, aliendelea kusugua pete yake, kisha akasema neno ambalo mke wake alilitegemea.

"Hapana. Leo utavaa, kesho mutu atasema ile feza aliniletea imepunguka. Mutu anaweza kusema bijou yangu ni mubaya, hiyo nitavumilia. Kusema miye ni mwizi, hapana."

"Na kubeba barua za batu, utavumilia?"

"Planton haibe."

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema wahenga, na hadi hapo ni sawa. Lakini huyu alikuwa tayari kuvunja hata tanuru. Nshobole alimtazama mume wake, mtu mwaminifu hadi kero, na moyo wake ukajaa hasira na mapenzi kwa pamoja. Ndipo alipoinuka, akaenda pembeni mwa jikoni, akarudi na Primus yake.

Jiko hilo la mafuta ya taa alipewa na mama yake siku aliyoolewa, likavuka ziwa naye. Mtaa mzima ulilijua. Lilipokuwa zima lilinguruma kama camion inayopanda Kibumba, na mwaka uliopita liliwahi kuruka moto hadi watu watatu wakaja na ndoo. Tangu hapo lilikuwa limekufa, lakini tangi lake lilikuwa la shaba ya njano, nene, safi. Juu yake Nshobole aliweka sarafu ya fedha ya wakati wa Wabelgiji, aliyoifungia kwenye ncha ya kikwembe tangu mama yake afe.

"Hii nani haijue?" aliuliza. "Ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi na miye ni mteja. Nimekuletea mali yangu. Nitengenezee hereni. Na hautanitengenezea huku nyuma ya choo. Utanitengenezea mbele, ku barabara, macho ya batu yaone ni Primus ya Mama Louise inakatwa, siyo zahabu ya mutu."

Mushagalusa aliitazama Primus. Akatazama abacost msumarini.

"Mteja hakataliwe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

*

Jumamosi asubuhi mtaa wote ulitoka kwenda kwenye salongo, kila nyumba na jembe lake na ufagio wake, kusafisha mitaro kama serikali ilivyotaka. Kazi ilipokwisha na watu wamechoka, wakitafuta sababu ya kutokwenda nyumbani, walimkuta Mushagalusa ameketi kando ya barabara juu ya jiwe jeusi, fuawe mbele yake, makaa yanawaka, na Louise anavuta mvukuto.

"Papa Louise, umehama?"

"Bibi yangu ameniletea kazi," alisema. Aliinua Primus juu kwa mikono miwili, kama padri na kikombe. Aibu ilimwasha masikio, lakini aliinua.

"Ile ya moto!" mtu akapiga kelele. "Wallahi, ile ilitaka kuchoma mulango yangu!"

Kicheko kikawakusanya. Mushagalusa aliliosha tangi mara tatu mbele yao, maana hakuna aliyetaka kuona moto wake wa pili. Akakata shaba kwa mkasi wa bati, akaitia motoni mpaka ikalegea, akaitwanga ikawa nyembamba. Watu walianza kwa kutania. Mzee mmoja aliuliza kama hereni hizo zitahitaji mafuta ya taa. Halafu, polepole, utani ukaisha wenyewe. Kwa ncha ya mkasi Mushagalusa alikuwa anatoa jani la muhogo, vidole vyake vyote saba, na kwa patasi ndogo akachora mishipa juu yake mmoja mmoja. Mtu aliyemwona hapo asingemwita planton. Mgongo wake ulinyooka na mikono yake ikawa na haraka ya mtu anayesema lugha ya nyumbani.

Ile sarafu aliikata akavuta waya wa fedha, akapinda vikulabu.

"Juu ya nini kikulabu ni cheupe na jani ni njano?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Shaba ikilala mu tundu ya sikio, sikio inakasirika," alijibu bila kuinua macho. "Feza haina matata na mutu. Zangu zote ninawekaka feza."

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kufikiri kusema.

Alasiri kazi ikawa tayari. Alisugua kwa ndimu na jivu, akaosha, akakausha kwenye shati lake. Nshobole alipiga magoti mbele yake, akavitoa vile vijiti viwili akavitupa mtaroni, ambao ulikuwa umetoka kusafishwa. Mushagalusa alizivika mwenyewe. Ilimchukua muda. Mtu huyu, ambaye alikuwa amewapamba maharusi wa nusu ya Kivu, alilikosa tundu la sikio la mke wake mara mbili.

"Iko unaumia?" alimnong'oneza.

"Haiko naumia," alisema Nshobole, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

*

Jumapili alikwenda misa amefunga kitambaa nyuma kabisa, masikio nje kama madirisha yaliyofunguliwa. Alipopanda kukomunika na aliposhuka, safu nzima za wanawake ziligeuza vichwa. Mama Élisabeth na Séraphine walikuwa upande wa kushoto, na Séraphine alisahau kuitikia Amina.

Baada ya misa walimzunguka mlangoni. Walitazama, waliinama, walitazama tena. Kahambu alisimama pembeni kama mlinzi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza bei, na mmoja baada ya mwingine walichukua watoto wao wakaenda.

Mushagalusa alitembea mbele peke yake njia nzima. Nyumbani alitia makaa kwenye pasi, akaipiga upya abacost ya kaka yake.

"Wameangalia tu," alisema.

"Wameangalia sana," alisema Nshobole.

"Kuangalia hakupikwe bukari ya unga, mama."

Nshobole alitoka nje. Alikaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Kama angeshindwa, angekuwa amemtoa mume wake barabarani, amemwinulisha Primus mbele ya mtaa, ili kesho yake wamwone anapita na barua kwapani.

*

Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, saa moja kasoro, Mushagalusa alikuwa amevaa. Abacost ilikuwa kubwa. Mikono ilimfikia kwenye vidole, na mabega yalisimama peke yake. Constant alifika akamzunguka, akamvuta kola, akaridhika.

"Sasa unafanana na mutu," alisema. "Twende."

Walikuwa wamefika kwenye kamba ya nguo wakati mlango wa parcelle ulipofunguliwa bila hodi. Kahambu aliingia kwanza. Nyuma yake Mama Élisabeth, Séraphine, yule mwanamke wa swali la kikulabu, na wengine ambao hata Nshobole hakuwajua, wote wanakwenda haraka kama watu waliosikia habari ya msiba.

"Iko wapi Mama Louise?" alisema Mama Élisabeth. "Ameamuka? Alilala nazo?"

Nshobole alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nililala nazo. Juu ya nini?"

Mama Élisabeth hakujibu. Alikuwa mke wa mfugaji, na alimshika Nshobole kidevu kama anavyoshika ndama sokoni, akamgeuza upande wa kulia, akakunja sikio, akatazama nyuma yake. Akamgeuza kushoto. Akasogeza pua, akanusa.

Wanawake walinyoosha shingo. Constant alikunja uso kwa fedheha.

"Haikuvimba," alitangaza Mama Élisabeth.

"Angalia kama kuna kijani," mtu alisema nyuma.

"Kijani haiko. Harufu haiko. Sikio ni kavu kama yangu."

Ndipo kelele zikaanza. Wote walitaka kushika, wote walitaka kuona, na Nshobole alicheka huku kichwa chake kinapelekwa huku na huku na mikono ya watu. Kumbe jana walikuwa wamepatana mlangoni pa kanisa: hereni ya kuaminiwa haipimwi kwa macho, inapimwa kwa usiku mmoja. Kahambu alilijua hilo tangu jana na hakusema, maana, alieleza baadaye, mfanyabiashara akimharakisha mteja anamfundisha kukimbia.

Mama Élisabeth aliwatuliza kwa mkono. Alifungua fundo la kikwembe.

"Camion yetu inaondoka saa nane," alisema. "Sina wakati wa kungoja. Ninataka hizi zenyewe, zile zilikwisha kulala. Hizi nimeona na macho yangu. Séraphine ataolewa nazo." Na akataja bei.

Ilikuwa bei ya kumfanya mtu aketi. Planton angefungua milango nusu mwezi kabla ya kuipata. Constant, aliyefahamu mishahara kuliko katekisimu, alisahau saa yake.

"Mupe!" alisema.

"Mupe, mama, ni commerce!" Kahambu alisema.

Nshobole alikuwa mwanamke wa nyumba yenye njaa. Hakufikiri. Mikono yake ilikwisha kupanda kwenye sikio la kulia, kidole kimeshika kikulabu, na uso wake ulikuwa bado unacheka. Ni macho tu yaliyoacha.

"Mama Louise," alisema Mushagalusa. "Shusha mikono."

Watu waligeuka. Walikuwa wamemsahau, amesimama chini ya kamba ya nguo katika nguo ya mtu mwingine.

"Ile siuzishi," alisema. "Mama, unisamehe. Pete niko nayo, bangili niko nayo, hereni niko nayo mingi pale nyuma, na zote ziko na feza mu kikulabu. Hata majani kama yale nitakukatia, saa nane camion haitakuacha. Lakini ile ni ya bibi yangu. Mupaka nikufe, ile haitoke mu masikio yake."

Kahambu alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Bwana ya batu! Chema kimekataa kujiuza!"

Mama Élisabeth alimtazama Mushagalusa, akamtazama Nshobole, kisha akafunga fundo la kikwembe nusu tu. Alikuwa amewaoza mabinti wanne na aliijua thamani ya alichokuwa amekisikia kuliko bei yoyote.

"Basi unitengenezee sawasawa na zake," alisema. "Jozi moja ya Séraphine. Na moja yangu mwenyewe."

"Na miye."

"Na miye, lakini ndogo."

Mushagalusa alikuwa anafungua vifungo. Aliikunja abacost vizuri, mkono juu ya mkono, akaiweka kwenye mkono wa kaka yake kwa heshima ile ile aliyoipokelea.

"Yaya, aksanti sana. Uwaambie nina kazi."

Constant alibaki na nguo yake. Angeweza kukasirika, na alijaribu. Alifungua mdomo mara mbili. Lakini wanawake walikuwa wanampita kushoto na kulia, wanainama chini ya mashuka kuelekea nyuma, na mmoja alimwomba apishe njia, papa, tuko haraka. Alipisha. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa na ofisi ndani yake, aliuliza:

"Mudogo yangu, ile ya Annonciata itakuwa tayari lini?"

Nshobole alibaki uani na mwiko wake, uji unaungua jikoni, naye anausikia na hauendei. Mushagalusa alipita mbele yake mikono wazi, shati tu, anakwenda kuwasha moto.

"Umekataa feza yote ile," alimwambia kwa sauti ya chini. "Weye mutu."

"Nimekataa."

"Na tutakula nini saa sita?"

"Leo tutanunua unga," alisema Mushagalusa. "Utapima weye mwenyewe, na kikombe kitamwagika."

Nshobole akacheka, kichwa nyuma, koo wazi, kicheko cha mwanamke aliyekingoja miaka yote ya ndoa yake, na wanawake waliokuwa chini ya mashuka waligeuka wote pamoja kumtazama.